Nyani Alikubali, Sungura Akakataa

Keti kwa base yoyote ya jaba, iwe Maua, Kiritiri ama huku Nairobi, na usikize vile watu huongea kuhusu nguvu za kiume. Mmoja atasema veve humfanya mwanaume fahali. Mwingine, njugu kiganjani na Big G mdomoni, atasema anamjua msee aliyetafuna hadi bibi akarudi kwao. Na kila mmoja atamalizia na ile sentensi inayofunga mjadala siku hizi: "Utafiti ulisema."

Cha kuchekesha ni kwamba hakuna anayedanganya. Utafiti ulisema hivyo. Ulisema mara tatu ndani ya miaka mitatu, 2006, 2007 na 2008, katika jarida lile lile la Journal of Ethnopharmacology, na kila mara ukaleta jibu tofauti.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo makala za sayansi nazisoma vile nasoma hadithi: nani anaongea, nani amenyamazishwa, na mwisho umetoka wapi. Hizi tatu nazisoma kupitia ikisiri zake, ile aya moja ya mwanzo, kwa sababu ndiyo sehemu mtu wa mtaa anapata bila kulipa dola. Kama kuna ujumbe wa kutufikia sisi, utapitia hapo.

Ya kwanza, ya 2006, mhusika wake ni nyani dume. Walioiandika wanatoka Taasisi ya Utafiti wa Nyani, ile iliyoanzishwa na Louis Leakey kule Tigoni mwaka 1960 na ambayo sasa iko msitu wa Oloolua, Karen. Nyani walipewa dondoo la miraa, wakatolewa damu, damu ikapimwa. Testosteroni ilipanda. Prolaktini na kotisoli, hii ya pili ikiwa homoni ya mwili ulio na presha, zikashuka. Huyu ndiye shahidi wa yule jamaa wa fahali.

Ya tatu, ya 2008, mhusika ni sungura dume. Mmea ule ule. Safari hii testosteroni ilishuka, na ile homoni ya ubongo inayoamrisha korodani zifanye kazi ikashuka pia. Kotisoli ikapanda. Huyu ni shahidi wa yule ambaye bibi ya msee alienda.

Ya katikati, ya 2007, haina mnyama mzima. Ina seli za korodani za panya kwenye sahani ya maabara. Dondoo likiwekwa kidogo, seli zilitengeneza testosteroni zaidi. Likiwekwa nyingi, zikapunguza.

Ukizisoma pamoja, unaona kwamba swali la base limekosewa tangu mwanzo. Watu wanauliza kama miraa inaongeza ama inapunguza. Seli za panya zinauliza: kiasi gani? Na mwili wa nani? Nyani si sungura, na hakuna kati yao aliye kijana wa Laare. Seli kwenye sahani nazo si mwanaume. Hizo ni dalili tu, lakini ni dalili zenye akili kuliko mabishano yetu yote.

Hapa maarifa ya shambani yangesaidia. Kinachochangamsha kwenye jani ni kathinoni, kitu cha ukoo mmoja na amfetamini, na huanza kuvunjika mara tu jani linapokatwa, likibaki na kathini iliyo dhaifu zaidi. Ndiyo sababu pikapu za Meru hukimbia vile zinakimbia. Kila mkulima wa Igembe na kila mama wa muguka Mbeere anajua kibunda cha asubuhi si kibunda cha kesho kutwa. Kwa hivyo hata neno "kiasi" haliwezi kupimwa kwa macho, ama kwa bei.

Sasa nirudi kwa ule uandishi wenyewe, kwa sababu nina shida nao. Makala za aina hii, si hizi tatu peke yake, zimeandikwa kwa sauti ambayo haina mtu. Wanyama "walipewa", damu "ilichukuliwa", na mwisho wengi "wanatolewa kafara". Hilo ndilo neno la kawaida la maabara za Kiingereza, na mimi linanisimamisha. Kule Meru na Embu, wazee wakichinja mbuzi wa kafara, inajulikana anachinjwa kwa nani, kwa sababu gani, na nani atakula. Kafara ina mpokeaji. Kwenye makala, mnyama anatolewa na mpokeaji hatajwi. Kwa ngano zetu sungura ndiye mjanja, hushinda kila mtu na kutoroka kabla jua halijazama. Hapa hajapewa hata sentensi moja ya kutoroka.

Mtu atasema hiyo ni hisia tu, sayansi lazima iandikwe hivyo. Sawa. Basi tuulize sheria. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iliyopo tangu 1963. Chini yake huwezi kumfanyia mnyama jaribio la kumtia uchungu bila leseni. Taasisi za utafiti nazo zina kamati za kukagua mpango kabla kazi haijaanza. Kamati hizo hufuata kanuni tatu zilizoandikwa na Waingereza wawili, Russell na Burch, mwaka 1959: ukiweza tumia kitu kingine badala ya mnyama, ukishindwa, tumia wachache, na hao wachache, wapunguzie maumivu.

Ni kanuni nzuri. Lakini angalia zinasimama wapi. Zinasimama mlangoni, mnyama akiingia. Zinauliza kama mateso yake yana sababu ya kutosha. Haziulizi, baada ya hapo, kama ile sababu ilitimizwa. Kama tulimwingiza nyani ngomeni kwa manufaa ya binadamu, ni nani alikwenda Siakago kuwaambia hao binadamu matokeo?

Na ile kanuni ya kwanza, ya kutumia kitu kingine, kwa miraa inachoma. Meru na Embu zina maelfu ya watu wazima wanaojipa dozi kila siku saa nane mchana, kwa hiari na kwa pesa zao. Kwa nini usiombe ruhusa yao na kuwatoa damu? Mtafiti atajibu kwamba binadamu anachanganya: anavuta sigara, anakunywa, halali. Nyani ni safi, huwezi kujua miraa inafanya nini peke yake bila yeye. Jibu lina nguvu na silipuuzi. Lakini pia linamaanisha nyani anajibu swali ambalo hakuna mtu wa base anaishi ndani yake. Hakuna anayetafuna miraa peke yake. Usingizi uliokosekana ni sehemu ya handas.

Nje ya maabara mambo ni mabaya zaidi. Januari 2013 baraza la kuishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilisema ushahidi wa madhara ya miraa hautoshi kuipiga marufuku. Serikali ikaipiga marufuku tu, na 24 Juni 2014 soko likafungwa. Maua iliumia. Mwaka huo huo wanaharakati wa Uingereza walifichua kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle walikuwa wakija Nairobi kufanya majaribio ya ubongo kwa nyani waliokamatwa porini, jambo ambalo Uingereza ilikuwa imelizuia kwao tangu miaka ya 1990. Chuo kiliutetea utafiti huo. Lakini ziweke habari hizo mbili kwa ukurasa mmoja: jani letu ni hatari mno kuingia kwao, na nyani wetu anafaa kwa jaribio ambalo wa kwao halimfai. Ukali wa sheria yao uliishia kwa mpaka wao, na sheria yetu ndiyo ilikuwa mlango wa nyuma.

Halafu ikaja muguka. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir aliipiga marufuku Mombasa, Kilifi ikafuata. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha agizo, na Rais Ruto akasema halina nguvu kwa sababu zao hilo linatambuliwa na sheria ya taifa. Pwani walilia juu ya vijana wao, na kilio hicho kilikuwa cha kweli. Embu walilia juu ya karo na unga, nacho kilikuwa cha kweli. Kwa zile wiki zote mimi sikusikia mwanasiasa wa upande wowote akimtaja nyani wa 2006 ama sungura wa 2008. Kila mmoja alikuwa na "utafiti" wake mfukoni, bila jina, bila mwaka, bila kiasi.

Hapo ndipo mimi nahesabu hasara. Sisemi maabara zifungwe. Kuna chanjo ambazo bila wanyama hatungekuwa nazo, na mfugaji yeyote wa Mbeere anajua ng'ombe wake mwenyewe amefaidika. Ninachosema ni kwamba mnyama aliyetumiwa na matokeo yake yakabaki nyuma ya malipo ya dola, kwa lugha ambayo mkulima hasomi, ametumiwa bure. Na kosa hilo halimo kwenye sheria yoyote, kwa hivyo hakuna wa kulishtaki.

Lirekebishwe kwa kitu kidogo. Leseni ya jaribio iwe na sharti moja la ziada: matokeo yarudi pale mmea ulitoka. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kwa Kimeru, kwa Kimbeere, ubandikwe kwa ofisi ya chifu na usomwe barazani na redioni. Useme ni mnyama gani, walikuwa wangapi, walipewa kiasi gani, walipatikana wapi, na walifanywa nini baada ya kazi kuisha. Useme pia kile ambacho jaribio halikuthibitisha. Mtafiti akishindwa kuandika ukurasa huo, leseni ya pili asipewe.

Base itaendelea kubishana, hiyo najua. Lakini angalau mtu akisema "utafiti ulisema," yule wa pembeni atakuwa na haki ya kumuuliza: kwa nani, nyani ama sungura?