Kalavati Lililohama Mita 10.75

Mchoro wa barabara unaonyesha kalavati la zege lenye kipenyo cha milimita 900, na lebo yake inasomeka vizuri: cheneji 7+460, yaani mita 7,460 tangu mwanzo wa barabara. Mshale umenyooka, maandishi hayajapandana na kitu. Ila korongo lenye maji liko mita kumi na ushee nyuma ya ncha ya mshale. Mpima akiingiza 7+460 kwenye kifaa chake atapigilia kigingi pakavu, na mkandarasi atachimba hapo hapo.

Mfano huu nimeutunga kwa hesabu nyepesi ili yeyote mwenye kikokotoo aurudie, lakini kosa lenyewe ni la kila siku kwa wanaotumia programu ya usanifu Civil 3D ya Autodesk. Wengi wakiliona hufungua maandishi ya lebo na kuandika namba wanayoitaka. Hapo ndipo wanapoharibu zaidi, maana lebo iliyoandikwa kwa mkono imekufa: haitafuata tena mabadiliko yoyote ya barabara. Aliyekwishafanya hivyo afute kwanza maandishi hayo ili lebo irudi kusoma namba kutoka kwenye mhimili, yaani mstari wa katikati ya barabara, ndipo uchunguzi uanze.

Uanzie kwenye kona. Tuseme mhimili wetu una kona moja ya digrii 60, na tanjenti zake mbili, yaani mistari iliyonyooka ya pande zote mbili za kona, zinakutana kwenye 4+000. Usanifu wa awali uliipa nusu kipenyo cha mita 300, kisha ikaamuliwa iwe mita 400 ili magari yapite kwa kasi bila hatari. Kona pana hukata pembe zaidi, kwa hiyo barabara hufupika. Kwa kona ya duara tupu isiyo na mapito ya spirali, ufupi unaoongezeka ni mita 10.75. Kila kitu kilicho mbele ya kona kinarudi nyuma kwa kiasi hicho kwenye hesabu ya cheneji, hata kama ardhini hakijasogea hata unywele. Korongo letu lililokuwa 7+460 sasa ni 7+449.25.

Kwa nini basi lebo bado inasema 7+460? Kwa sababu programu ina lebo za aina mbili zinazofanana kabisa kwa sura. Ya kwanza hushikilia mahali: ukiiweka kwenye korongo itabaki kwenye korongo, na mhimili ukibadilika itasoma cheneji mpya. Ya pili hushikilia cheneji na umbali wa pembeni: namba haibadiliki, lebo yenyewe ndiyo inayotembea kuifuata. Msanifu wa kalavati alichagua ya pili. Kona ilipopanuliwa, lebo ilitembea mita 10.75 na kuliacha korongo. Kwa maoni yangu, chochote kilichofungwa na ardhi, iwe korongo, nguzo ya umeme au lango la shule, kinastahili lebo ya kwanza. Ya pili iachiwe vitu vinavyopangwa kwa cheneji yenyewe, kama mahali ambapo upana wa barabara unaanza kubadilika.

Kuna njia nyingine ya kutuliza namba, nayo ni mlinganyo wa cheneji. Pale kona mpya inapoishia unaiambia programu kwamba nyuma ni 4+187.94 na mbele ni 4+198.69. Tangu hapo namba za zamani zinarudi, na kalavati linabaki 7+460 kihalali, jambo lenye faida kubwa kama nyaraka za ardhi na fidia zimekwishaandikwa kwa namba hizo. Gharama yake ni kwamba namba zilizo kati ya 4+187.94 na 4+198.69 hazipo tena barabarani. Mkadiriaji atakayetoa 4+000 kwenye 8+000 atapata mita 4,000, wakati barabara ya kweli ni mita 3,989.25. Na kama mabadiliko yangerefusha barabara, hali ingekuwa mbaya zaidi: sehemu mbili tofauti zingebeba cheneji moja.

Mlinganyo huu huzaa pia hitilafu yake ya lebo. Mtindo wa lebo unaweza kuonyesha cheneji iliyorekebishwa kwa mlinganyo au cheneji ghafi inayohesabu mita tangu mwanzo. Karatasi mbili za mchoro mmoja zikitumia mitindo hiyo tofauti, zitalingana kabla ya kona na kupishana kwa mita 10.75 baada yake.

Ndiyo maana huwa naangalia kwanza tofauti imekaaje. Ikianzia mahali fulani na kubaki ile ile, tafuta mlinganyo au mabadiliko ya kona hapo. Ikiwa ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, kilichohamishwa ni mwanzo wa hesabu. Kulia kukiwa kushoto, na namba zikishuka pale zilipotakiwa kupanda, mhimili umegeuzwa. Na ukiona 74+60 badala ya 7+460, umbali ni sahihi. Kiolezo tu ndicho cha futi, cha desturi ya Kimarekani ya kukata barabara kila futi 100. Alama ya kujumlisha hurekebishwa kwenye mipangilio ya mchoro, na pia ndani ya mtindo wa lebo, ambao unaweza kuwa na mpangilio wake wenyewe.

Alama za kuuliza tatu, ???, huwatisha wanafunzi bila sababu. Lebo inasema haina jibu: labda haijaambiwa isome mhimili upi, labda kitu kipo nje ya miisho ya mhimili. Ichagulie mhimili au urefushe mhimili, basi. Afadhali hiyo kuliko lebo inayojibu kwa uhakika kumbe imeunganishwa na mhimili wa barabara ya mchepuko.

Gumu kuliko yote ni nguzo iliyo ndani ya kona kali. Kwenye makutano yenye nusu kipenyo cha mita 15, nguzo iliyo mita 20 upande wa ndani imekwishavuka kitovu cha duara. Kutoka hapo unaweza kuchora mstari wa pembe mraba ukafika kwenye mhimili kabla ya kona, na mwingine ukafika baada yake. Cheneji zote mbili ni halali, na programu huonyesha mojawapo. Nguzo ya hivyo naipa viwianishi vyake vya mashariki na kaskazini, na cheneji naiondoa kwenye lebo.