Duara Jeusi Si Mwezi Mwandamo

Tumezipitia kalenda za ukutani zinazotundikwa misikitini kwetu, tangu Shinyanga mjini na Kahama hadi Katoro na Geita: tarehe za miladia kwa tarakimu kubwa, za hijria pembeni kwa tarakimu ndogo. Manufaa yake hatuyakanushi. Mchimbaji anayeshinda shimoni hujua kwa kalenda hiyo kuwa Arafa inakaribia. Tunalolipinga ni lile duara jeusi lililoandikwa "mwezi mpya".

Duara hilo laonyesha wakati wa mkutano, mwezi unapokuwa upande mmoja na jua na uso unaotuelekea ukakosa nuru. Hiyo si hilali. Allah (s.w.) katika Suratul Baqara, aya ya 189, amefanya hilali kuwa vipimo vya nyakati, na Mtume (s.a.w.) ametuamuru kufunga na kufungua kwa kuuona mwezi, ukifichika, tutimize siku 30. Hata Kiswahili chetu husema mwezi umeandama, maana yake umeonekana.

Chukua tarehe 29 Machi 2025. Mkutano ulikuwa karibu saa 8 mchana kwa saa zetu, na jua likatua Geita karibu saa 1 jioni. Mwezi wa saa 5 hauonekani kwa jicho. Aliyefuata duara alihesabu Shawwal tangu usiku ule! Na mwenye kuhesabu hivyo kila mwezi huzifunga siku nyeupe (13, 14 na 15) kabla ya wakati wake, na mwisho wa Shaaban huingia katika siku ya shaka akidhani yumo Ramadhani.

Tarehe ndogo za pembeni nazo, nyingi ni za hesabu ya wastani: miezi ya siku 30 na 29 kwa kupokezana, na siku 11 za nyongeza katika kila miaka 30. Hilali haikufungwa na mpango huo.

Linalotuuma zaidi ni hili. Jua hutua Geita kama dakika 28 baada ya Unguja, na katika muda huo mwezi huzidi kuachana na jua. Mwezi uliokosekana pwani waweza kuonekana huku, na Imam Nawawi ameshika kuwa matlai hutofautiana. Lakini jioni ya tarehe 29 vilima vyetu havina watazamaji. Maimamu wameshika simu wakingoja habari za Dar es Salaam.

Wachapaji waandike "mkutano" penye duara hilo.