Kuoza si Neno Moja

Katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, David Livingstone alikaa tangu Februari hadi Agosti 1872. Jengo alionalo mgeni leo lilijengwa upya mwaka 1957, kwani la awali lilikwisha. Lilikwishaje? Kiswahili hakijibu kwa neno moja. Udongo wa ukuta humomonyoka, mlango huchakaa, rangi huchujuka, boriti huliwa na mchwa. Kuoza ni kwa kile kilichowahi kuwa na uhai: nyama, tunda, gogo lililolowa.

Waingereza hulitumia neno moja kwa mengi ya hayo, na wanasayansi wao wakalichukua neno hilohilo kwa jambo jingine kabisa: kubadilika kwa atomi ambazo kiini chake hakikutulia. Hapo ndipo mfasiri hunaswa, akaandika kwamba atomi "inaoza".

Kuoza ni kazi ya vijidudu, navyo huhitaji maji. Ndiyo sababu kuoza huzuilika. Livingstone alipofariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo na matumbo yake chini ya mti, wakautia mwili chumvi na kuuanika juani kwa takriban wiki mbili. Oktoba ukapitishwa Unyanyembe, Februari 1874 ukafika pwani, na tarehe 18 Aprili ukazikwa London.

Mbele ya atomi, chumvi na jua havina la kufanya. Ndani ya boriti yoyote imo kaboni-14. Mti ukishakatwa, nusu yake hutoweka kwa takriban miaka 5,730, na nusu ya iliyobaki kwa miaka mingine kama hiyo. Mchwa waile boriti au wasiile, mwendo ni uleule. Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Atomi ya kaboni haimwambukizi jirani yake.

Tofauti hii si pambo. Tanzania ina urani huko Mto Mkuju, Namtumbo, na urani-238 hupungua kwa nusu katika miaka bilioni 4.5 hivi. Mwanakijiji akiambiwa kuwa mabaki ya machimbo "yataoza", atayafikiria kama ya jalalani: yatanuka, yatalainika, kisha yatarutubisha shamba. Kamusi itamtetea mfasiri, lakini msikilizaji atakuwa amepotoshwa.

Afadhali kupukutika. Majani hupukutika moja moja, wala hakuna ajuaye lipi litatangulia. Neno hili nalo lina kasoro, kwani kiangazi huyaharakisha majani na hakiiharakishi atomi. Lakini halimwahidi mtu mbolea.

Washairi nao hawana udhuru. Wapo wanaouita mji wa kale "uliooza" ilhali umechakaa tu. Kilichooza hutupwa, kilichochakaa hutengenezwa, kama lilivyotengenezwa tembe la Kwihara. Anayelichagua neno la kwanza ameshauhukumu mji kabla fundi hajaitwa.