Ufanisi si Utegemekaji

Istilahi hupimwa kwa kazi inayoifanya, wala si kwa utamu wa sauti yake. Kwa kipimo hicho, yatupasa kuyachunguza maneno mawili yanayotumiwa pasipo uangalifu katika tafsiri za uhandisi wa umeme: ufanisi na utegemezi.

Kwa mhandisi, ufanisi ni uwiano. Transfoma ikipokea kilowati 100 na kutoa 98, ufanisi wake ni asilimia 98. Zilizobaki zimepotea kwa joto. Katika matumizi ya kawaida, hata hivyo, ufanisi ni hali ya kufanikiwa, na ndiyo maana wafasiri hulitwika neno hilo kila sifa njema ya mtambo. Kumbe mtambo waweza kuwa na ufanisi mkubwa na huduma yake isitegemeke. Mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji ya Bwawa la Mtera, Tanzania iliingia katika mgawo wa umeme. Atakayeeleza mkasa ule kwa kusema kuwa ufanisi wa mitambo ulishuka atampeleka msomaji kutafuta kasoro ndani ya mashine, ilhali kilichokosekana ni maji.

Sifa hii ya pili, yaani huduma kuendelea bila kukatika, baadhi ya wafasiri huiita utegemezi. Hapa hatuwezi kuafikiana nao. Mtegemezi ni yule anayemwegemea mwingine, na utegemezi ni hali yake huyo. Basi sharti la zabuni linalomtaka mkandarasi "aongeze utegemezi wa gridi" linamwagiza aifanye gridi iwe mzigo kwa wengine. Ukizuka ubishi juu ya mkataba huo, neno litakuwa upande wa mkosaji.

Wengine hupendelea uaminifu. Lakini hiyo ni tabia ya mtu, si ya waya. Uhakika lina hoja nzito zaidi, kwani wananchi wenyewe husema "umeme wa uhakika", na katika matangazo kwa umma hatuoni sababu ya kuliacha. Ila katika vitabu vya kiada neno hilo tayari lina kazi nyingine, ya kueleza uhakika wa vipimo.

Tunapendekeza utegemekaji. Kutokana na kutegemeka twapata utegemekaji, kama vile kupatikana kulivyotupa upatikanaji. Tunakiri kuwa neno ni refu, lakini halimpotoshi mtu. Tena dhana yake yapimika: ni mara ngapi umeme umekatika kwa mwaka, na mteja amekaa gizani saa ngapi.

Mwalimu na afanye jaribio dogo darasani: aulize kinachopotea kwa joto, kisha aulize kinachokatika. Mwanafunzi akijibu maswali yote mawili kwa neno moja, kosa si lake; ni letu sisi tuliompa istilahi.