Wimbo wa Mungu na Jina la Mtunzi

Katika sharika nyingi, huku Moshono na kwingineko chini ya Mlima Meru, husemwa kwamba wimbo wa Mungu hauna mwenyewe. Kwa hoja hiyo kwaya huchukua wimbo wa kwaya nyingine, huurekodi na kuusambaza pasipo kutaja ulikotoka. Yatupasa kuipima hoja hii, kwa kuwa ndani yake mna ukweli, na mna dhuluma pia.

Zamani za kanda za kaseti, kila nakala ilififia kuliko ile iliyoizaa. Siku hizi wimbo hupita toka simu hadi simu pasipo kupungua. Nakala ya elfu ni sawa na ya kwanza, nayo yaweza kushika nafasi yake. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, ili zilizo halali zijulikane. Lakini stempu hubandikwa juu ya chombo, si juu ya wimbo: wimbo ulipohamia simuni, stempu ilibaki kwenye kasha. Wengine wametafuta upekee kwa njia nyingine. Mwaka 2021 mwanariadha Eliud Kipchoge wa Kenya aliuza kwa mnada hati za kidijitali za kumbukumbu za mbio zake. Hati ya namna hiyo ni ya mwenyewe peke yake. Mbio zenyewe kila mtu aweza kuzitazama. Kilichonunuliwa ni upekee wa hati tu.

Jambo hili si geni kwa Walutheri. Mwaka 1524 Luther alitia katika tafsiri yake ya Agano la Kale alama mbili, mwanakondoo mwenye bendera na waridi lenye moyo na msalaba, ili wasomaji wavitambue vitabu vilivyopita mikononi mwake. Mwaka uliofuata aliwakemea wachapaji kwa sababu mswada wake uliibwa na kuchapwa mji mwingine kabla haujakamilika. Naye hakuwa mtu wa kupokea malipo kwa maandiko yake. Alichokilalamikia ni makosa yaliyojaa katika chapa hizo, na hasara ya mchapaji aliyegharimia kazi. Hata hivyo, chapa zilizorudiwa katika miji mingi ndizo zilizoyaeneza mafundisho yake. Basi kunakili si dhambi kwa asili yake. Injili yenyewe imetufikia kwa mikono ya wanakili. Dhambi ni kumfuta mtu aliyetenda kazi.

Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki ya mwaka 1999 huitambua tofauti hiyo. Mbali na haki ya mapato, humpa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe. Maandiko nayo yalitangulia kulionyesha jambo hili. Hema ya kukutania ilikuwa ya Mungu pasipo shaka. Lakini katika Kutoka 31 fundi wake ametajwa kwa jina, Bezaleli, pamoja na baba yake, babu yake na kabila lake. Kazi kuwa ya Mungu hakukumfanya fundi asiwe na jina.

Huenda mtu akasema kwamba kwaya za vijijini hazina fedha za kuwalipa watunzi. Lakini kutaja jina hakugharimu kitu, na kuomba ruhusa hugharimu unyenyekevu tu. Ambapo wimbo umeleta mapato, iwe ni katika uzinduzi wa albamu au katika changizo la jengo, Luka 10:7 yatosha kutuongoza. Mchungaji anayehubiri juu ya amri ya saba, kisha akaruhusu wimbo usio na jina la mtunzi uuzwe mlangoni mwa kanisa, analibomoa hubiri lake mwenyewe.

Nakala zaweza kubadilishana nafasi, watu hawawezi. Mungu aliyemwita Israeli kwa jina, katika Isaya 43:1, hatukuzwi kwa wimbo ambao jina la mtunzi wake limefutwa.