Lipu ya chokaa si saruji dhaifu

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba ya zamani iliyopigwa lipu ya saruji haijifichi. Kuanzia usawa wa baraza hadi kiunoni mwa mtu, lipu imevimba, na ukiigonga kwa vidole inalia kama debe tupu. Ikibambuka haitoki kidogokidogo. Huanguka bamba zima, na mgongoni mwake limebeba vipande vya mawe ya matumbawe pamoja na unga wa udongo mwekundu. Pembeni, kwenye ukuta ambao bado una chokaa, kuna madoa na sehemu zilizochunika, lakini jiwe liko pale pale lilipowekwa.

Mwenye nyumba akiona hivyo hulaumu jiwe, au hulaumu bahari, kisha humwita fundi apige saruji nyingine, nzito kuliko ya kwanza. Uamuzi huo una mzizi mmoja: imani kwamba chokaa ilikuwa saruji ya watu wasiokuwa na saruji. Saruji ya Portland ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, kwa jina la Joseph Aspdin, na tangu iliposambaa duniani chokaa imekuwa ikipimwa kwa kipimo chake, yaani ugumu na haraka ya kushika. Kwa kipimo hicho chokaa haina la kujitetea. Ila kipimo chenyewe hakiuhusu ukuta wa pwani.

Ukuta wa Mji Mkongwe una unene wa nusu mita na zaidi. Ndani yake mna mawe ya matumbawe yasiyochongwa, ya kila ukubwa, yaliyofungwa kwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba, takriban mita tatu. Chini hakuna tabaka la kuzuia unyevu, kwa hiyo maji ya ardhini hupanda ukutani yakiwa yamebeba chumvi. Waashi wa zamani hawakujaribu kuyazuia. Waliyaachia njia ya kutokea.

Njia hiyo ni lipu. Chokaa iliyoshika ina vitundu vidogo mno vinavyoruhusu mvuke kupita, hivyo maji yaliyopanda hufika usoni na kukauka kwa upepo. Chumvi hubaki kwenye lipu, na ikiganda kuwa fuwele hula lipu badala ya jiwe. Baada ya miaka kadhaa sehemu iliyochakaa hukwanguliwa na kupigwa upya, ukuta ukaendelea. Kwa hiyo ile lipu inayochunika, ambayo wengi huiona ni ushahidi wa udhaifu, mara nyingi inatimiza kazi iliyowekewa.

Saruji huifunga njia hiyo. Maji hayaachi kupanda. Hukaa nyuma ya lipu na kutafuta pa kutokea juu zaidi, na chumvi huganda pale pale lipu inapokutana na jiwe. Isitoshe, ukuta wa matumbawe hucheza kidogo kwa joto, unyevu na mtikisiko, nayo saruji ni ngumu mno kuufuata. Hupasuka. Mvua ya masika huingia kwenye ufa na haipati njia ya kurudi nje. Udongo uliofunga mawe hulainika, na ncha za boriti zilizozama ukutani huanza kuoza bila mtu kuona.

Dhana ya pili inahusu jinsi chokaa inavyoshika. Mafundi wengi husema chokaa "hukauka", na kwa sababu hiyo huona jua kali ni msaada. Tuanze tanurini. Pwani, tanuri la jadi lilikuwa rundo la magogo lililopangwa kwa duara, juu yake yakamwagwa matumbawe, kisha likawashwa moto. Kwenye joto la takriban nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe hutoa hewa ya kaboni dioksaidi na kupoteza karibu asilimia 44 ya uzito wake. Kinachobaki kikitiwa maji huchemka, hufuka na kuwa chokaa tayari kwa kazi. Ikipigwa ukutani, huvuta hewani kaboni dioksaidi ileile iliyoipoteza, na polepole hurudi kuwa jiwe.

Kurudi huko kunahitaji hewa, na pia kunahitaji unyevu. Lipu iliyokaushwa upesi na jua haishiki. Hubaki unga uliobanwa, na ukiufuta kwa kiganja unatoka nao mweupe. Ndiyo maana kazi nzuri hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, ukuta hunyunyiziwa maji kabla na baada, na kila tabaka huwa jembamba, sentimita moja hivi, likaachwa lishike kabla ya lingine. Mtaalamu wa uhifadhi akitaka kujua kazi imefika wapi huvunja kipande na kukipaka dawa ya fenolfthalini. Sehemu ambayo bado ni chokaa mbichi hugeuka waridi iliyokolea, na iliyokwisha kuwa jiwe haibadiliki rangi. Si ajabu kuona waridi ndani ya lipu iliyopigwa miezi mingi nyuma. Mkandarasi aliyezoea saruji, ambaye ratiba yake inahesabu siku 28, hapo ndipo anapokosana na chokaa.

Dhana ya tatu iko dukani: chokaa ni chokaa, ilimradi ni unga mweupe ndani ya mfuko. Kuna chokaa ya shambani, ambayo mara nyingi ni jiwe lililosagwa tu bila kuchomwa. Inapunguza tindikali ya udongo vizuri, lakini ukutani haishiki kamwe, kwa kuwa tayari ni jiwe. Hata chokaa iliyochomwa huharibika mfuko ukikaa wazi, maana huanza kuvuta hewa ikiwa bado ghalani. Mafundi wa zamani waliihifadhi shimoni ikiwa rojo chini ya maji kwa miezi, na kadiri ilivyokaa ndivyo ilivyozidi kulainika na kunata kwenye mwiko. Mchanga nao una hesabu yake. Kipimo cha kawaida ni chokaa moja kwa mchanga tatu, na mchanga wa ufukweni usiooshwa humwingizia mwenye nyumba chumvi aliyokuwa akiikimbia.

Wapo wanaosema chokaa haiwezi maji. Nyumba za mawe za Lamu zinawajibu kwa mabirika ya chooni, yaliyosilibwa kwa chokaa na kukaa na maji mwaka mzima. Chini ya birika lilizamishwa bakuli la kauri, na humo walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Morocco nako kuna lipu ya tadelakt, chokaa inayosuguliwa kwa jiwe laini na sabuni hadi maji yateleze juu yake, na ndiyo iliyotumika katika hamamu. Tofauti iko kwenye mkono wa fundi na umaliziaji wake.

Vilevile lipu ya chokaa huchukuliwa kuwa kazi ya mwisho isiyo na ufundi, jambo la kupaka na kuondoka. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18, ukuta wa ndani wenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ulijaa nakshi zilizochongwa kwenye lipu yenyewe. Fundi aliweza kuchonga hivyo kwa sababu chokaa humpa muda: haigandi ghafla, na kisu kinapita bila kuibomoa. Magofu ya Kilwa, Songo Mnara na Gedi yana michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa kwenye lipu na watu wa zama hizo, milingoti na matanga yakiwa bado yanasomeka. Kwa kitu kinachoitwa dhaifu, huo ni umri mkubwa.

Lakini wapenzi wa chokaa nao wana hadithi zao. Ya kwanza ni ile ya siri iliyopotea: mayai, sukari, maziwa. Viungo vya namna hiyo vilitumika kweli mahali pengine. Uhindi ya kusini ilitia sukari guru na ute wa mayai, China ilitia uji wa mchele unaonata. Hata huko, kiungo kilisaidia chokaa nzuri tu. Hakikuokoa chokaa iliyochomwa vibaya au kukaushwa na jua. Anayesaka siri ya mayai huku fundi wake hajalowesha ukuta anapoteza mayai.

Ya pili ni kwamba chokaa haidhuru mazingira, kwa vile huirudisha hewa iliyoitoa. Huirudisha ile ya jiwe, basi. Moshi wa magogo haurudi. Matanuri ya pwani yamekula minazi na mikoko mingi, na matumbawe yaliyochimbwa baharini yakiwa hai ni nyumba za samaki. Mwenye nyumba anayetaka chokaa leo hana budi kuuliza jiwe limetoka wapi na limechomwa kwa kuni zipi.

Ya tatu ni kwamba ukirudisha chokaa umeponya nyumba. Chokaa inaweza kuziba nyufa nyembamba kama unywele, kwa kuwa maji huyeyusha chembe zake na kuzigandisha ndani ya ufa. Haiwezi kuziba paa linalovuja wala bomba la maji machafu lililopasuka ndani ya ukuta, na katika nyumba za Mji Mkongwe zilizogawanywa kwa familia nyingi, mabomba yaliyoongezwa ni chanzo kikubwa cha unyevu.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi una uzito kuliko mfuko wa chokaa wenyewe. Kwanza paa na mifereji, kisha mabomba. Baada ya hapo saruji ya zamani huondolewa kwa nyundo ndogo na patasi, pole pole, kwani ikivutwa kwa nguvu huondoka na jiwe. Ukuta uliofunguliwa huachwa upumue kwa miezi, na chumvi inayojitokeza hupigwa brashi ikiwa kavu, bila kuoshwa, maana maji huirudisha ndani. Mashimo huzibwa kwa vigae vya mawe na chokaa. Lipu hupigwa mwishoni, baada ya jua kali kupita, na rangi inayoifuata iwe ya chokaa vilevile: rangi ya plastiki iliyopakwa juu yake huziba vile vitundu, na maji yakarudi kule yalikokuwa wakati wa saruji.