Mrejesho Uliobadili Bajeti: Uchambuzi wa Mradi wa TEHIP Wilayani Rufiji

Katika usimamizi wa bidhaa, yaani kazi ya kuamua kitu gani kitengenezwe, kwa ajili ya nani na kiboreshwe vipi, mrejesho ni taarifa inayomrudia mtendaji kuhusu jinsi kazi yake ilivyowafikia walengwa. Taarifa hiyo huwa na thamani pale tu inapomfikia mwenye mamlaka ya kubadili jambo, tena kwa sura anayoweza kuifanyia kazi na kabla bajeti haijapitishwa. Kanuni hii ilijaribiwa kikamilifu Rufiji, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha pia Kibiti na delta ya Mto Rufiji, kupitia TEHIP, mradi ulioendeshwa na Wizara ya Afya ya Tanzania pamoja na shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada, IDRC, katika Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lake lilitokana na ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993: je, fedha kidogo zikifuata ushahidi, zinaweza kuokoa maisha mengi zaidi?

Kwa kuwa vifo vingi vilitokea nyumbani, madaftari ya hospitali yasingeweza kutoa picha kamili. Kuanzia mwishoni mwa 1998, wadadisi walizitembelea kaya za Ikwiriri, Kibiti, Bungu na kata jirani kila baada ya miezi minne, wakiandikisha waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Palipotokea kifo, ndugu walihojiwa kuhusu dalili alizokuwa nazo marehemu, kisha madaktari wakayasoma maelezo hayo na kukadiria chanzo.

Ustadi mkubwa zaidi, hata hivyo, ulikuwa katika namna ya kurudisha matokeo. Orodha ndefu ya magonjwa humweleza Mganga Mkuu wa Wilaya kinachoua watu, lakini haimwelezi afanye nini na fedha alizonazo. Kwa hiyo takwimu zilipangwa upya kufuata afua, yaani hatua za kinga au tiba ambazo halmashauri inaweza kuzigharimia, na kila afua ikaoneshwa kwa mchoro pamoja na sehemu ya miaka ya uhai inayopotea ambayo ingeweza kuokolewa nayo. Mchoro wa pili ulionesha fedha zilikokwenda. Morogoro, ambako malaria ilisababisha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ugonjwa huo ulitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya mwaka 1996, na pengo la namna hiyo likionekana kwa macho halihitaji mhadhiri wa kulieleza.

Mrejesho ulisahihisha pia dhana zilizozoeleka. Iliaminika kwamba watoto wengi hufa kwa malaria, hasa yenye degedege, kwa sababu wazazi hukimbilia kwanza kwa waganga wa jadi. Lakini uchunguzi wa vifo vya malaria vya Rufiji vya mwaka 1999 hadi 2001 ulionesha kuwa wengi mno wa marehemu walikuwa wametafuta tiba ya kisasa kwanza. Hapo lawama iliondoka kwa mama, na swali likahamia kwenye ubora wa huduma aliyoipata.

Timu za afya za wilaya zilielekeza fedha kwenye vyandarua na kwenye utaratibu wa kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya ugonjwa mmoja mmoja, huku nyongeza iliyotumika ikiwa chini ya dola moja kwa mtu kwa mwaka. Katika miaka michache vifo vya watoto chini ya miaka mitano Rufiji vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40, ingawa si haki kuupa mradi peke yake sifa yote. Watumishi nao walikua kitaaluma: zahanati ziliunganishwa na vituo vya afya vilivyozisimamia kwa karibu, mawasiliano ya redio yakisaidia, na waliozoea kupokea mipango kutoka juu wakajifunza kuipanga na kuitetea wenyewe.

Mfumo huo wa kuzitembelea kaya ulikuwa na upungufu mmoja mzito: kaya zilizofuatiliwa zilikuwa za bara, kaskazini mwa mto, na watu wa visiwa vya delta, wanaoifikia zahanati kwa mtumbwi na kwa kufuata maji kujaa na kupwa, hawakuhesabiwa humo. Kibiti sasa ni wilaya inayojitegemea, na kata za delta za Salale, Maparoni na Kiongoroni zimo ndani yake. Halmashauri inapoandaa bajeti ya afya, ianze kwa kuwauliza watu wa huko.